STOO YA USHAHIDI: KAZI YA ADHABU AU KAZI YA UFUNDI?



Katika kila stesheni kubwa ya polisi mna chumba kimoja ambacho wengi wetu hatujakiona ndani. Mara nyingi kiko nyuma, karibu na seli, na mlango wake una kufuli kubwa. Humo mna panga lililofungwa kwa gazeti, magunia ya bangi, mitungi ya chang'aa, redio, betri za gari, shati lenye damu, simu chungu nzima, na baiskeli ambayo mwenyewe alikwisha kata tamaa. Hivi ni vitu vya ushahidi, ambavyo kortini huitwa vielelezo. Na kila chumba cha namna hii kina mtu mmoja ambaye ndiye mwenye ufunguo.

Juu ya mtu huyo twataka kusema leo. Mpelelezi akishinda kesi husifiwa. Wakili na jaji huandikwa katika magazeti. Mwenye ufunguo hatajwi kamwe, ila siku ile kitu kinapopotea. Siku hiyo kila mtu hulijua jina lake.

Maoni yetu ni haya. Kulinda vitu vya ushahidi ni kazi ya ufundi, kama ilivyo kazi ya fundi wa mitambo au karani wa benki. Yafaa iwe kazi ya maisha, yenye mafunzo yake, ngazi zake na mshahara wake. Na tena yafaa ifanywe na mtu mwenye haki ya kukataa kutia sahihi juu ya kitu asichokiona kwa macho yake.

YATUHUSU NINI?

Twajua wako wanachama watakaouliza: Je, chama cha wafanya kazi kina haja gani na stoo ya polisi? Siku tulipogoma, hao polisi walikuja na rungu na moshi wa machozi. Leo tuandike juu ya taabu zao?

Ndugu, swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Lakini fikirini kwanza ni mali ya nani inayolala katika chumba kile. Mali ya tajiri mkubwa huko ni kidogo. Ile pikipiki ni ya kijana wa boda boda, naye bado anailipia mkopo. Ile mashine ya kushona ni ya fundi aliyeibiwa, mwizi akapatikana, lakini mashine imekaa kungoja kesi. Zile nyundo na misumeno ni za seremala. Pikipiki ikikaa miezi minane juani na mvuani, matairi yakapasuka na betri ikafa, au mtu akanyofoa kabureta usiku, mwenye pikipiki amepata hasara hata kama ameshinda kesi. Mkopo haungoji hukumu.

Sheria yenyewe haikuruhusu mambo haya. Kifungu cha 121 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chasema kwamba kitu kilichokamatwa na kuletwa mbele ya korti chaweza kuwekwa mpaka kesi au upelelezi umalizike, nacho kitunzwe kwa uangalifu unaofaa. Maneno hayo ya uangalifu yameandikwa. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa kuyatimiza, na mahali pa kuyatimizia.

Tena fikirini juu ya mwenzetu anayeshtakiwa kwamba ameiba kazini. Meneja asema zilikamatwa roli kumi na mbili za waya. Mshtakiwa asema alikutwa na vipande vitatu, navyo alipewa na msimamizi. Nani atasema kweli? Stoo ndiyo itakayosema. Ikiwa vile vipande vilihesabiwa siku ile ile, vikaandikwa, vikatiwa lebo na kufungwa kwa lakiri, basi hesabu haibadiliki, hata shahidi awe mkubwa namna gani. Lakini ikiwa vilitupwa pembeni bila hesabu, mwenzetu ataponea wapi? Atafungwa kwa neno la mwenye sauti kubwa. Kwa hivyo stoo iliyotunzwa vizuri ni ngao ya mtu mdogo.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Watu hudhani kazi hii ni kukaa juu ya kiti na kushika ufunguo. Sivyo. Kila aina ya kitu ina desturi yake, na mwenye kukosea desturi hiyo huiua kesi bila kujua.

Nguo yenye damu haifungwi katika mfuko wa plastiki ikiwa mbichi. Unyevu ukifungiwa ndani, ukungu huota, na damu huoza, na yule mtaalamu wa maabara hataweza kusoma lolote. Hukaushwa kwanza mahali safi, kisha hutiwa katika mfuko wa karatasi. Bunduki huhakikishwa kwanza kwamba haina risasi, na namba yake ya kiwandani huandikwa, kwa sababu bunduki mbili hufanana lakini namba hazifanani. Fedha huhesabiwa na watu wawili, wote wawili wakatia sahihi, na namba za noti huandikwa. Dawa za kulevya hupimwa kwa mizani, hutiwa lakiri, na kila mara lakiri ikivunjwa ili kuchukua sampuli, uzito huandikwa upya pamoja na jina la aliyevunja na sababu yake. Bunduki, fedha na dawa za kulevya haziwekwi pamoja na vikapu na sufuria. Hizo ndizo tatu zinazotamaniwa na wezi, basi hutengewa mahali penye kufuli la pili.

Baada ya hayo kuna daftari. Kitu kilitoka wapi, siku gani, saa ngapi, kilikamatwa na nani, ni cha kesi gani, kimewekwa rafu gani. Kikienda kwa Mkemia wa Serikali, nani amekibeba. Kikirudi, nani amekipokea. Kikienda kortini, kimerudi au kimebaki huko. Huo ndio mnyororo wa makabidhiano. Wakili wa utetezi haulizi kama mnyororo ule ni mrefu. Huuliza kama kuna pete moja iliyokatika. Akiipata hiyo moja, kazi ya watu kumi imekwisha bure, na mara nyingine mwenye hatia hutoka mlangoni akicheka.

Na kazi hii ina madhara yake kwa mwili, jambo ambalo sisi wa chama hatuwezi kulinyamazia. Bangi iliyorundikwa penye unyevu huota ukungu, na vumbi la ukungu huingia mapafuni. Petroli na pombe kali hutoa mvuke katika chumba kisicho na dirisha. Sindano zilizotumika huchoma vidole. Damu ya mtu usiyemjua inaweza kuwa na ugonjwa. Mfanya kazi wa kiwanda akifanya kazi katika hali hii, tungedai glavu, barakoa na feni ya kutoa hewa, na Serikali ingetusikia au tungeipeleka kortini. Mwenye ufunguo hudai kwa nani?

MLANGO UKIACHWA WAZI

Mwezi wa Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa pombe haramu, na wengine waliponea chupuchupu. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba pombe ile ilikuwa imekwisha kamatwa, ikawekwa katika kituo cha polisi kama kielelezo, kisha ikatolewa na kurudishwa kwa wanywaji. Tafakarini jambo hilo, ndugu. Sumu ilikuwa imekwisha kukamatwa. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanywa. Iliyobaki ilikuwa ni kazi ya kufuli na daftari, na hapo ndipo watu walipokufa. Na wanaokunywa pombe ya bei rahisi ni nani? Ni vibarua na wakulima wadogo. Ni sisi.

Mambo haya si ya Kenya peke yake. Katika mji wa New York, Marekani, polisi waligundua mwezi wa Desemba 1972 kwamba sehemu kubwa ya heroini iliyokuwa katika stoo yao imeibiwa. Nyingine katika hiyo ilikuwa ya ile kesi mashuhuri ya mwaka 1962 iliyopewa jina la French Connection. Hesabu ilipomalizika ilionekana kwamba karibu ratili 400 za heroini na kokeini zilikuwa zimetoka. Wezi hawakuvunja mlango. Zilitolewa kwa sahihi katika daftari, kwa jina la uongo, na pahali pake pakawekwa unga mweupe. Wadudu walionekana wakiila ile mifuko, na hivyo ndivyo siri ilivyofichuka. Polisi wenye sifa duniani kote, na walioigundua hila ile walikuwa mende wa unga! Haya ndiyo matunda ya kutia sahihi bila kutazama, na kutazama sahihi bila kuuliza.

Basi, pengine mtasema kwamba dawa ni kufunga mlango tu. Hapana. Stoo yaweza kufungwa sana na bado ikamwua mtu. Katika mji huo huo wa New York, mtu mmoja jina lake Alan Newton alihukumiwa mwaka 1985 kwa kosa la kumnajisi mwanamke, kosa ambalo hakulifanya. Mwaka 1994 aliomba vitu vya ushahidi vilivyochukuliwa hospitalini vipimwe kwa njia ya DNA. Akaambiwa havionekani. Akaomba tena na tena, akapata jibu lile lile. Mwaka 2005, mtu alipokwenda kutafuta kwa mikono yake katika ghala, vitu vile vilikutwa palepale ambapo karatasi za zamani zilisema viko. Vikapimwa, na mwaka 2006 Newton akaachiliwa huru, baada ya miaka zaidi ya ishirini kifungoni.

Palepale karatasi ziliposema! Toka 1994 mpaka 2005 ni miaka kumi na moja. Muda wote huo haki ya mtu ilikuwa ndani ya pipa, ikingoja mtu mmoja ainame na kutazama. Hatujui wangapi katika dunia hii wangali wanangoja hivyo.

Na jengo lenyewe ni sehemu ya kazi. Tufani ya Sandy ilipoipiga New York mwaka 2012, maji ya bahari yaliingia katika maghala ya ushahidi ya Brooklyn. Mwezi wa Desemba 2022 ghala moja la Brooklyn liliungua kwa moto, na vitu vya kesi za miaka mingi vikateketea. Ikiwa mji tajiri kama ule wapata hasara hiyo, je, chumba chetu cha mabati, kinachovuja kila masika?

Pia hatutaki kusema mabaya tu. Mwaka 2004 polisi wa Kenya walikamata zaidi ya tani moja ya kokeini huko Malindi na Nairobi. Watu wengi walinong'ona kwamba mzigo ule utageuka unga kabla ya kesi kwisha. Mwaka 2006 ulichomwa mbele ya mashahidi. Somo letu ni hili: mzigo mkubwa ulipotazamwa na macho mengi, ulifikishwa mwisho wake. Twauliza tu kwa nini mitungi ya kijijini nayo isitazamwe hivyo. Mizigo midogo ndiyo mingi, na ndiyo inayotuua.

SABABU YA UBOVU

Wakubwa wakiulizwa, husema: askari mbaya, tamaa, rushwa. Ni kweli, tamaa iko. Lakini sisi wafanya kazi tumezoea kusikia kwamba kila kosa ni la mtu wa chini. Mashine ikikata kidole, mfanya kazi hakuwa makini. Kwa hivyo twatazama zaidi ya hapo.

Mara nyingi mtu hupelekwa stoo kwa sababu gani? Mmoja ni mgonjwa wa mgongo hawezi doria. Mwingine amekosana na mkubwa wake. Mwingine amebakisha mwaka mmoja astaafu. Hakuna aliyemwambia habari za mfuko wa karatasi na mfuko wa plastiki. Akianza kuijua kazi, barua ya uhamisho hufika. Hukabidhi ufunguo kwa mwenzake saa moja asubuhi na kupanda gari saa mbili. Nani awezaye kuhesabu vitu elfu moja kwa saa moja? Basi yule mpya hutia sahihi kwamba amepokea vyote, naye hajaona hata nusu. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye kujibu kwa makosa ya wote waliomtangulia.

Hapo ndipo penye kidonda. Sahihi ya mwenye ufunguo ni kama sahihi ya dereva juu ya breki za lori. Dereva aliye katika chama aweza kusema, "Breki hizi mbovu, silitoi gari hili," na chama kikasimama nyuma yake. Lakini mwenye ufunguo wa stoo, mkubwa akija usiku na kusema, "Fungua, nipe mtungi mmoja, nitaandika kesho," atasema nini? Mwenye nyota begani amesema, na mwenye kutii ameapa kutii. Akikataa, kesho yuko Mandera au Turkana, watoto wake wameachwa shuleni Nakuru. Akikubali, na jambo likafichuka, yeye ndiye atakayesimama kizimbani. Kila njia yeye ndiye mwenye kuumia.

SHERIA NA HISTORIA YAKE

Tuseme wazi mambo yalivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, na kugoma. Lakini Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kuipunguza haki hiyo kwa wanajeshi na polisi. Nayo Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kwamba haiwahusu polisi. Basi askari wa Kenya hana chama.

Desturi hii ina mizizi Uingereza. Mwaka 1918 polisi wa London waligoma kwa ajili ya mishahara na chama chao. Waligoma tena mwaka 1919, huko London na Liverpool, na waliogoma walifukuzwa kazi, zaidi ya elfu mbili. Sheria ya mwaka huo huo ikakataza polisi kuwa katika chama cha wafanya kazi, wakapewa shirikisho lisilo na haki ya kugoma. Woga wa Serikali ya 1919 umevuka bahari ukafika kwetu, na mpaka leo tuko nao.

Lakini tazameni jambo hili. Uingereza hiyo hiyo leo ina raia wengi wanaofanya kazi ndani ya stesheni za polisi bila sare: makarani, wapokea simu, na walinzi wa mali na vitu vya ushahidi. Hao ni wafanya kazi kama sisi, na wengi wao wamo katika chama cha UNISON. Marekani nako, katika miji mingi, stoo ya ushahidi huendeshwa na raia walioisomea kazi hiyo, wakapata cheti, na wengine huifanya mpaka kustaafu. Kwa hivyo si kweli kwamba mbingu itaanguka ikiwa mwenye ufunguo havai kofia ya polisi.

TUNAYOTAKA

Kwanza, kazi ya kulinda vitu vya ushahidi iandikwe kuwa kazi kamili, yenye ngazi: msaidizi, mlinzi, mlinzi mkuu, mkaguzi. Asiyepata kupanda hana sababu ya kujifunza.

Pili, kila penye stoo kubwa waajiriwe raia, waliosomea utunzaji wa stoo na kumbukumbu, wenye haki ya kujiunga na chama cha watumishi. Askari akamate na apeleleze. Kutunza kufanywe na mtu asiye chini ya amri ya yule aliyekamata. Nyumbani mwetu pia, anayekwenda sokoni si yeye anayejihesabia chenji.

Tatu, iandikwe katika kanuni kwamba mlinzi aweza kukataa kutia sahihi juu ya kitu asichokihesabu, na kukataa kutoa kitu bila karatasi ya korti au ya upelelezi, na asiadhibiwe wala kuhamishwa kwa sababu hiyo.

Nne, ufunguo usikabidhiwe kabla ya hesabu kumalizika, hata ikichukua juma zima. Na hesabu hiyo ishuhudiwe na mtu wa tatu.

Tano, pombe na dawa za kulevya zisikae. Zipimwe, sampuli ichukuliwe, korti itoe amri, na zilizobaki ziharibiwe mbele ya watu. Mtungi ambao haupo hauwezi kuibiwa.

Sita, mali ya raia irudishwe upesi. Pikipiki yaweza kupigwa picha, namba zake zikaandikwa, na korti ikaombwa imrudishie mwenyewe aendelee kutafuta riziki. Kesi haihitaji kutu.

Saba, glavu, barakoa, hewa, taa, rafu na paa lisilovuja.

MAJIBU KWA WAPINZANI

Wengine watasema: Raia naye ana tumbo, naye atahongwa. Ni kweli. Chama hakimgeuzi mtu kuwa malaika. Lakini mwenye mshahara wa kutosha, kazi ya kudumu na watu wa kumtetea, yuko na jambo la kupoteza akihongwa, na ana mgongo akilazimishwa. Aliyetupwa stoo kama adhabu hana hata kimoja. Na yule mwanachama wetu atakayeiba, asitazamie kwamba chama kitamficha. Twatetea mfanya kazi, hatutetei wizi.

Wengine watasema: Hao raia wakigoma, kesi zitasimama, na washtakiwa watakaa rumande. Jambo hili ni zito, nasi twakubali. Kwa hivyo twasema mapema: katika mapatano yetu pawe na sharti kwamba hata siku ya mgomo mtu mmoja abaki na ufunguo, na vitu vya kesi zinazosikizwa vifike kortini. Ndugu zetu wauguzi wanajua mambo haya. Hatutaki haki yetu ijengwe juu ya mgongo wa mfungwa.

Na askari wenyewe watasema: Mwatunyang'anya kazi. Hapana, ndugu askari. Twawaondolea mzigo ambao haukuwa wenu, ili msifungwe kwa ajili ya mtungi alioutoa mwingine. Na siku ambayo nanyi mtapewa haki ya chama, mtatukuta mlangoni twawangoja. Rungu lile hatujalisahau, lakini twajua ni nani aliyekuwa akitoa amri.

KWA VIJANA WATAFUTAO KAZI

Kijana aliyemaliza shule atauliza: Je, kazi hii ni nzuri? Tutamjibu bila kumdanganya. Haina sifa. Ina vumbi, harufu na karatasi. Utaona vitu ambavyo utaviota usiku: kiatu cha mtoto, kamba, kisu. Utasimama kortini na wakili atajaribu kukuonyesha kuwa mjinga. Ukiwa mtu wa kusahau, au mtu asiyeweza kusema "hapana" kwa upole mara mbili, usiiombe.

Lakini ukiwa mtu wa mpango, mwandiko wako wasomeka, na unapenda kitu kiwe mahali pake, basi ni kazi ya heshima. Mwenye kuifanya vizuri hujua kwamba mwenye hatia hakutoroka kwa uzembe wake, na asiye na hatia hakuoza gerezani kwa uvivu wake. Si kazi nyingi ambazo mtu aweza kusema hivyo jioni akirudi nyumbani.

WANACHAMA WAFANYE NINI

Wakati twangoja Serikali, kila mmoja ana la kufanya. Mali yako ikichukuliwa na polisi, usiondoke bila namba ya kitabu cha OB. Omba orodha ya vitu vilivyochukuliwa, uisome kabla hujatia sahihi, na andika namba ya pikipiki au simu yako kando. Piga picha ukiweza. Kesi ikiisha, mwombe hakimu palepale aseme mali irudishwe kwa nani, maana kinachoamriwa na korti hakihitaji kitu kidogo. Ukiombwa kitu kidogo, usitoe. Njoo tawini, utuambie siku, mahali na jambo lenyewe.

Makatibu wa matawi wataleta jambo hili katika mikutano yao. Tunataka maoni ya wanachama, hata ya wale wasiokubaliana nasi. Yakikusanywa, yatapelekwa kwa wenye madaraka kwa jina la chama, si kwa jina la mtu mmoja.

Ndugu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kwamba haki nayo hupotea vivyo hivyo, na anayeiandika haki hiyo kila siku katika daftari, akiwa peke yake katika chumba cha nyuma, ni mfanya kazi mwenzetu. Tusimwache peke yake na ufunguo wake.